Hatua Chini ya Mbao

Jioni ile nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi kuchagua sakafu ya baraza. Jambo dogo tu. Siku chache nyuma mguu wa mjukuu wangu ulitumbukia kwenye ubao ulioliwa na mchwa, akachubuka mpaka pajani. Mama yake, binti yangu, akaapa kwamba mtoto hakanyagi tena kwangu hadi mbao zile zing'olewe zote.

Nilikuwa na fundi. Mtaa mzima unamwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia ukuta ulionyooka, kwa kuwa hapindi, hata mdomoni.

"Vigae vinapendeza, ila mvua ikinyesha utavunjika kiuno," alisema. "Chukua zege, mama."

"Na mbao?"

"Mbao huku ni kuwaandalia mchwa chakula."

Nilicheka, lakini mkono wangu ulikuwa bado unapapasa mbao. Za baraza letu alizipigilia marehemu mume wangu mwenyewe. Na kuna jambo sikumwambia mtu. Tangu tumzike, kila magharibi nilimsikia akirudi. Alikuwa na mguu mmoja mbovu, mwendo wake haukufanana na wa mtu mwingine.

Ko... shrrr.

Ko... shrrr.

Hatua zinafika mlangoni, zinakoma. Nikifungua, hakuna mtu, ni harufu tu ya udongo mbichi. Mwingine angehama. Mimi nilikuwa namkaribisha, kisha nakwenda kulala nikiwa bado mke wa mtu. Na zege halitoi mlio.

Lakini mjukuu ni mjukuu. Nikachagua zege, moyo ukiniuma.

Tulirudi nyumbani jua likizama. Timazi alipiga magoti barazani, akaanza kugonga mbao kwa mpini wa nyundo, mmoja baada ya mwingine, asikilize upi umebaki ganda. Ndivyo afanyavyo kazi siku zote.

Ko.

Akasogea. Ko.

Kisha kitu kikajibu.

Ko... shrrr.

Nyundo ikabaki hewani.

"Mchwa askari hao," alinong'ona. "Ukiwashtua hugonga vichwa."

"Mchwa gani anaburuta mguu, fundi?"

Alichomeka mtaimbo, akang'oa ubao, halafu wa pili. Harufu ya udongo mbichi ikatupiga usoni. Nikasogeza taa.

Mchwa walikuwa wamejenga. Kutoka kwenye ngazi hadi mlangoni kulipangana vichuguu vidogo, kimoja kimesimama, kinachofuata kimeburutika. Juu ya kila kimoja udongo ulikuwa umejiumba unyayo, na vidole vyake vyote, umegusa mbao kwa chini.

Muda wote nilidhani anatembea juu ya mbao.

Alikuwa akitembea chini yake. Miguu juu, kichwa chini.

Timazi, mtu asiyeogopa hata nyoka, alirudi nyuma akijifuta mikono kwenye suruali. Mimi sikuogopa. Niliumia tu. Kumbe mwanamume wa watu alikuwa akija kwangu kwa shida kiasi kile.

"Fundi, acha tundu hapa mlangoni. Dogo tu."

"Mama, mchwa watapita hapohapo."

Nilifikiria paja la mtoto, lilivyochubuka.

"Basi ziba."

Udongo ulipigwa dawa, zege likamwagwa, likakauka. Binti yangu akaja na mtoto, naye akakimbia barazani huku na huko bila kujikwaa. "Umeona, mama? Sasa hapa ni salama," binti akasema, akanikumbatia. Nilicheka naye, maana furaha ile ilikuwa ya kweli.

Walipoondoka nikakaa kusubiri. Magharibi ikaingia. Kimya. Nililia kuliko siku ya mazishi, maana siku ile sikujua kimya cha nyumba kinafananaje.

Halafu nikasikia harufu ya udongo mbichi.

Nililala kifudifudi, nikaweka sikio kwenye zege.

Ko... shrrr. Mbali, chini kabisa.

Ko... shrrr.

Hatua zikafika mlangoni. Safari hii hazikukoma. Zikawa ngumi.

"Karibu, mzee wangu," nilinong'ona, midomo ikigusa zege. "Karibu."

Akagonga kwa nguvu zaidi.

Timazi bado anasema ni mchwa askari, ila hapiti tena njia ya kwangu. Sina la kumbishia. Ninachojua ni kwamba kila magharibi mume wangu anagonga, nami nimelala juu yake sina pa kumfungulia. Mara ya kwanza walimzika watu. Mara hii nimemzika mimi, kwa zege nililolichagua mwenyewe.