Jina Lililotolewa Kwenye Kiitikio

Asubuhi ile mtoto aliitwa mara tatu asiitike. Mama yake alidhani ni ukaidi tu wa miaka sita, akamvuta sikio. Mtoto akageuka, akauliza kwa upole, "Mama, unamwita nani?"

Baba yake alikuwa mpiga gitaa wa bendi, mjini wakimwita Solo. Kijiko kilimponyoka. Yeye alijua kosa liko wapi.

Wiki moja nyuma alikuwa ameubadilisha wimbo alioutunga binti huyo alipozaliwa, ambao kiitikio chake kizima kilikuwa jina la mtoto. Wanamuziki hutaja majina ya mashabiki kila siku, hakuna anayekufa. Lakini aliyeomba safari hii alikuwa mwanamke aliyemfuata ukumbini saa sita mchana, kabla wenzake hawajafika mazoezini, akaacha harufu ya nywele zilizoungua. Solo, mume wa mtu, alimpenda hadi akachanganyikiwa.

"Litoe jina hilo, weka langu," alimwambia. "Kwani mimi si wako?"

Naye akalitoa, bwege yule.

Kufikia Ijumaa mtoto alikuwa akikaa ameuelekea ukuta, hali, hachezi, akivumisha kiitikio kipya ambacho hakuna aliyemfundisha, na kila alipovumisha, gitaa lililofungiwa chumbani lilimwitikia, uzi kwa uzi, taratibu, wakati Solo mwenyewe amesimama mlangoni na mikono mitupu.

"Baba watoto," mkewe alinong'ona, "mbona nywele zake zinanuka kama mashati yako?"

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Solo alikiri yote. Mkewe hakumtukana, alifunga kanga, akaenda kumwita mganga, mama mtu mzima asiyependa porojo.

"Huyo ni jini," mganga alisema. "Umempa nafasi ya mwanao, na ameichukua. Uimbe wimbo kama ulivyokuwa, mbele ya mtoto. Ukifika kwenye jina lake usisite. Ukisita, umemtoa mwanao."

"Nitasitaje? Ni damu yangu!"

Wakamkalisha mtoto kwenye kigoda. Solo akashika gitaa, akaanza, na mtoto akainua macho, akatabasamu tabasamu lake la zamani, mama yake akaziba mdomo asilie, na hapo ndipo ile harufu ilipoingia, na mkono wa baridi anaoujua vizuri ukampapasa shingoni, na moyo wake, Mungu amsamehe, ukamtamani yule mwanamke kwa mara ya mwisho tu, kwa muda wa kupepesa jicho, kidole kikakawia kwenye uzi.

Kisha akaliimba jina. Aliliimba kwa nguvu, akalirudia mpaka sauti ikamkauka.

Mtoto alimsikiliza hadi mwisho. Akashuka kwenye kigoda, akamkalia baba yake magotini, akamtazama mama yake kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Mpenzi," alisema kwa sauti ya mtu mzima, "na huyu tutaishi naye mpaka lini?"