Zamu ya Chini ya Lavinia Crewe

Jioni hiyo Chelagat alikuwa amebeba ugali na mboga, basi. Alikuwa ametoka kwa bibi kizee aliyekuwa akimtunza huko West End ya Alexandria, akapita nyumbani, akamwacha mwanawe Ethan kwa jirani, akafunga chakula cha mdogo wake ndani ya taulo ili kisipoe, kisha akapanda basi la kuteremka mtoni. Ilikuwa Novemba ya mwaka wa tisini na saba. Majira hayo jua la Marekani huzama watu wakiwa bado makazini, na upepo wa mto Potomac haujui koti.

Mdogo wake aliitwa Festus. Mchana aliegesha magari ya wageni hotelini. Lakini kwao Kericho alikuwa mtu wa boila katika kiwanda cha majani chai, akila moshi wa kuni mwaka nenda mwaka rudi, na kazi hiyo ndiyo aliyoipenda. Kwa hiyo siku mgeni mmoja Mwamerika mweusi alipomkabidhi funguo za gari hotelini, akamsalimu kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha redio, wakaulizana habari na kazi za nyumbani, Festus alirudi kwa dada yake akicheka peke yake.

"Sista, nimepata boila. Marekani hii hii!"

Mgeni huyo alikuwa Jumaane, mwalimu wa historia aliyeishi mji wa Adelphi, ng'ambo ya mto. Kiswahili alijifunzia chuo kikuu, na jina alijichagulia mwenyewe. Yeye na wenzake wachache walikuwa wameiokoa meli moja kuukuu ya uvuvi iliyoitwa Lavinia Crewe. Ilikuwa meli ya mvuke. Enzi zake ilivua katika ghuba ya Chesapeake samaki wadogo wenye mafuta mengi ambao hakuna anayewala. Hukamuliwa mafuta, makapi yakasagwa mbolea. Weusi ndio waliovuta nyavu zake juu, wakiimba ili mikono iende pamoja. Na weusi ndio waliokuwa chini, gizani, wakilisha tanuri makaa ya mawe ili injini isizime. Injini za dizeli zilipokuja, meli ikatupwa kwenye matope. Jumaane na wenzake wakaivuta hadi gati moja la Alexandria, wakaanza kuitengeneza ili vizazi vije kuiona, na kila jioni Festus alikwenda kuwasaidia upande wa boila.

"Tukishaifufua, itatembea tena," Jumaane alipenda kusema.

"Mwalimu, meli haifufuliwi. Hutengenezwa," Festus alimrekebisha siku moja, akicheka.

Jumaane hakucheka.

Chelagat alipofika gatini, taa za meli hazikuwa zimewashwa. Kando ya njia yalilala mabomba ya boila, yamefunikwa turubai. Festus mwenyewe ndiye aliyeyang'oa wiki hiyo, na alikuwa amemweleza kwamba bila hayo boila ile ni debe tupu. Hata ungetaka kuwasha moto, ungewasha wa nini?

Lakini hewa ilinuka moshi.

Moshi wa makaa ya mawe, mzito, unaokwama kooni. Na chini ya moshi huo, harufu nyingine... mafuta ya samaki yaliyooza.

"Festus?"

Kisha, kutoka tumboni mwa meli, akasikia beleshi likikwaruza chuma.

Kwaruuu... pah.

Kwaruuu... pah.

Alijiambia ni Festus anasafisha. Akapanda ubao wa kuingilia melini, akavuka sitaha, akafika kwenye mlango mdogo wa kwenda chini. Alishika chuma cha ngazi, akakiachia upesi. Kilikuwa cha moto.

Akateremka kwa kushikilia ncha ya taulo.

Mdomo wa tanuri ulikuwa wazi, na ndani moto ulikuwa mweupe hata haungeangaliwa. Festus alisimama mbele yake kifua wazi, mgongo unang'aa jasho. Alichota makaa, akatupa. Akachota, akatupa. Hakugeuka.

"Sista." Alinong'ona kama mtu aliye kanisani. "Usikaribie."

"Ni nani amewasha moto huu? Mabomba si yako huko nje?"

"Sijui. Nilishuka kuchukua spana, nikamkuta akifanya kazi. Mzee wa watu, amechoka, hata kusimama hawezi. Nikadhani ni mmoja wa watu wa Jumaane. Nikamwambia, pole na kazi, mzee..."

Beleshi likaingia kwenye makaa. Kwaruuu.

"...nikamwambia, lete nikupokee."

Pah.

"Ulimwambia kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili, kwa Kikalenjin, sikumbuki. Alielewa, Chelagat. Alinipa beleshi kwa mikono miwili, akashukuru. Na sasa vidole vyangu haviachii."

Ndipo Chelagat alipoliona lile alilodhani ni gunia juu ya rundo la makaa. Lilijinyoosha. Alikuwa mtu, mzee mrefu, bega moja limeshuka kuliko jingine. Alikuwa akivaa koti lake polepole, kifungo baada ya kifungo, kama mtu yeyote anayemaliza kazi na kukumbuka nyumbani. Maji yalimchuruzika kwenye mikono ya koti, lakini chini yake makaa hayakulowa.

Akaja kwenye ngazi. Chelagat alijibana ukutani. Mzee alipopita, joto lote la chumba kile lilikatika, kukawa baridi kama ya mto, na harufu ya samaki ikamjaa puani. Mzee akagusa kofia yake.

"Jioni njema, binti," alisema kwa Kiingereza cha watu wa zamani.

Kwa adabu. Kwa adabu kabisa.

Kisha akapanda ngazi, hatua kwa hatua, akitweta. Nyayo zake zikavuka sitaha juu ya vichwa vyao. Zikafika kwenye ubao. Zikanyamaza.

Chelagat alimrukia ndugu yake, akamshika viganja, akavivuta. Ilikuwa kama kung'oa mzizi. Ngozi ya vidole na mti wa beleshi vilikuwa kitu kimoja. Hakuona pa kuvitenganisha. Na hata akiwa amemng'ang'ania hivyo, mikono ile iliendelea kwenda. Makaa, tanuri. Makaa, tanuri. Ilimburuta yeye pia, huku na huku.

"Utatokaje hapa?" alilia.

"Nadhani hadi mwingine aseme nilivyosema mimi."

Chelagat ndiye aliyembeba Festus mgongoni mama yao alipokuwa shambani. Ndiye aliyetafuta nauli ya kumleta Marekani. Alinyoosha mkono wake wa kulia kuelekea mti wa beleshi.

"Lete..."

Festus aligeuza uso kwa mara ya kwanza. Nyusi zilikuwa zimeungua. Machozi yalikauka kabla ya kufika mashavuni.

"Na Ethan je?" aliuliza.

Mkono wa Chelagat ulirudi.

Hakuuamuru. Ulirudi wenyewe. Festus aliuona ukirudi, akatikisa kichwa kidogo, kama kusema ni sawa, kisha akageukia moto.

"Kalete watu," alisema. "Haraka, sista."

Chelagat alipanda ngazi akipiga mayowe. Jumaane alikuwa ndiyo kwanza anafunga mlango wa gari lake langoni. Wakakimbia pamoja, Jumaane na tochi mbele, wakateremka.

Giza. Baridi. Kutu.

Tanuri lilikuwa limefungwa, na utando wa buibui ulikuwa umetanda juu ya mlango wake. Jumaane aliufungua kwa nguvu, ukalia. Ndani hapakuwa na kitu ila vumbi. Sweta ya Festus ilining'inia kwenye msumari. Beleshi halikuwepo.

Chelagat alieleza kwa kuvurugika, maneno yakipandana. Jumaane alimsikiliza amemulika tochi sakafuni. Alipomaliza, mwalimu yule aliuliza kwa sauti ndogo:

"Huyo mzee... bega lake moja lilishuka?"

"Ndiyo."

"Alipanda ngazi? Una hakika alipanda? Alitoka melini?"

"Alitoka."

Jumaane akaketi chini, akafunika uso, akalia kama mtoto. Alisema babu yake, baba wa baba yake, alikuwa mtia makaa wa Lavinia Crewe. Jioni moja alishuka kupokea zamu, hakupanda tena. Mwenye meli aliiambia familia kwamba alianguka baharini. Nyanya yake hakuamini hata siku moja. Alisema kila akiipita meli ile bandarini humsikia mumewe akifanya kazi.

Chelagat alimshika bega akalia naye. Alidhani wanamlilia mtu mmoja.

Polisi walikuja na wapiga mbizi. Walisema kijana aliteleza kwenye ubao, mto ukamchukua. Mwili utaonekana maji yakipata joto. Chelagat alikuwa kwenye basi, siku chache baadaye, akitazama nje bila kuona kitu, alipokumbuka kwamba Jumaane aliuliza habari za ngazi kabla ya kuuliza habari za Festus. Akakumbuka vilevile kwamba, kati ya watu wote wa mji huu, Jumaane alimchagua kijana aliyelelewa kutomwacha mtu mzima na mzigo mkononi.

Baada ya hapo Jumaane hakuonekana tena gatini. Hakupokea simu. Chelagat alivumilia hadi Januari, kisha akaenda Adelphi, akagonga mlango wa nyumba yake. Ulifunguka kidogo tu, mnyororo ukiwa umefungwa. Harufu iliyotoka humo alikuwa anaijua.

"Mwalimu, meli inavuja. Wenzako wanasema bila wewe wataiuza ivunjwe. Nakuomba. Iweke tu ielee, mimi nitaitunza."

"Dada Chelagat, nisamehe," alisema Jumaane. Alikuwa amekonda. "Siwezi kurudi huko."

"Ulijua? Niambie hilo tu. Ulijua?"

Jumaane alifungua mdomo. Kabla hajajibu, mtu alikohoa ndani ya nyumba. Kikohozi kirefu, cha chini, cha mtu aliyepumua vumbi la makaa maisha yake yote. Jumaane aligeuka kutazama nyuma, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye furaha na mwenye hofu kwa pamoja.

"Mzee amelala," alinong'ona.

Akafunga mlango.

Basi mtu aliyeichukia meli ile kuliko wote ndiye aliyebaki kuitunza. Kila Jumamosi Chelagat alienda gatini akasugua shaba, akakwangua kutu, akachota maji ya ndani kwa ndoo mpaka mikono ikapasuka. Aliwapigia magoti wazee wa kanisa, wakamwombea. Aliwasihi wenzake Jumaane, wakamwonea huruma, wakamwambia mbao za chini zimeoza, haiwezekani. Akiisha kusugua alishuka chini na kuweka sikio kwenye chuma baridi cha boila.

Kwaruuu... pah.

Mbali sana. Kama inatoka nyumba ya tatu. Wengine walisikiliza, hawakusikia kitu.

"Festus, mimi hapa. Lete. Lete nikupokee," alisema, na safari hii mkono haukurudi. Alisema kwa Kiswahili, kwa Kikalenjin, kwa Kiingereza. Alimwambia jirani amekubali kumlea Ethan. Lakini tanuri lilibaki tupu, na hapakuwa na beleshi la kushika. Mlango ulikuwa umefunguka mara moja, na mara hiyo yeye alivuta mkono.

Mama yao alipopiga simu kutoka Kericho, katika duka la binamu yao Cheruiyot, Chelagat alimjibu vilevile majira yote ya baridi.

"Yuko kazini, mama."

Wala haukuwa uongo.

Mwezi wa Aprili tishari la kuvuta lilikuja likafunga kamba. Ilikuwa jioni yenye jua, watu wanatembeza mbwa ukingoni, watoto wanakula aiskrimu. Chelagat alisimama mwishoni mwa gati. Lavinia Crewe iligeuka polepole, ikaelekea kusini, kwenda kukatwakatwa vyuma. Ilipopita daraja, bomba lake la moshi likatoa moshi mwembamba, mweusi, ulionyooka juu ingawa upepo ulikuwa mkali.

"Tazama," mzee mmoja alimwambia mkewe, "bado inafanya kazi!"

"Huo ni wa tishari," mkewe akamjibu.

Watu wa kuvunja meli walipoulizwa baadaye, walisema hawakuona ajabu. Ila tanuri lilikuwa limejaa majivu hadi mdomoni, nao walilazimika kungoja hadi kesho yake kulikata, kwa sababu chuma hakikuwa kimepoa.

Usiku ule alipoambiwa hivyo, Chelagat alinunua kadi ya simu, akampigia mama yake, akamwambia. Alimwambia ya mto tu, yale ya polisi. Upande wa pili akasikia kuku na redio ya dukani.

"Mwili mliuona?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Mmemzika wapi?"

"Hatukupata wa kuzika."

Mama yake alipozungumza tena, sauti ilikuwa tulivu, karibu ya furaha.

"Basi hajafa, mwanangu," alisema mama. "Acha kulia. Festus hajafa."