Bakuli la Rungwani

Zama zile kila mji wa pwani ulikuwa na mfalme wake, siwa yake ya kupulizwa na ugomvi wake, na mji wa Mwangao haukupungukiwa na hata kimoja. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na Rungwani, nao uliisha siku Bwana Shekue wa Kombo alipopanda ukuta wa mji ule, jambia mdomoni na ngao ya ngozi ya kifaru mgongoni, akawafungulia wenziwe lango. Siku hiyo baba yake, Mzee Kombo, alikuwa ameshazikwa nyumbani, na mwana hana habari.

Nyara zilipogawanywa, wenziwe waligombea hariri, pembe za ndovu na panga zenye mipini ya fedha. Shekue alichagua bakuli la kaure, la buluu, lenye kaa aliyechorwa ndani.

"Mama yangu anapenda vyombo," alisema.

Jeshi zima lilimcheka. Alivua kilemba akalifunga bakuli lake, akashika njia ya misitu na vinamasi kichwa wazi, shujaa mzima akilea bakuli kama mtoto mchanga. Walipovamiwa njiani alipigana kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa na kazi. Bakuli likapata pengo ukingoni, na yeye akapata kovu begani. Alipofika Mwangao alimkuta mama yake, Mwana Jaha, yumo edani. Akampa bakuli, wakalia pamoja, kisha mfalme akamwita tena vitani.

Aliporudi mara ya pili, mdogo wake Faki alikuwa amekaa barazani kwa baba yao, kanzu inang'aa, tambuu mdomoni.

"Karibu, kaka," alisema bila kuinuka. "Karibu kama mgeni."

Akamwonyesha hati. Nyumba, shamba la minazi na kisima, Mzee Kombo ameviweka wakfu kwa Faki na kizazi chake peke yao, tangu mwaka uliotangulia vita vya Rungwani. Muhuri ulikuwa wa pete ya marehemu, hauna shaka.

"Baba aliniambia tutaishi humu sote!"

"Maiti haulizwi, kaka. Hati ndiyo inayoulizwa."

Wahenga walinena, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wahenga hao hawakumjua Faki. Shekue aliingia ndani kuubusu mkono wa mama yake, na mkono ule ulikuwa baridi.

"Nenda kwa kadhi, mwanangu," Mwana Jaha alimwambia. "Haki ya mtu haipotei."

Watu wa Mwangao walikuwa na desturi yao. Mwenye kuweka wakfu huvunja bakuli vipande viwili. Kimoja hukaa na hati, na kingine hukandikwa chokaa ndani ya ukuta wa kisima, kisionekane mpaka izuke daawa. Basi Shehe Mahadhi, kadhi wa mji, aliwakusanya watu kisimani, akina mama nyuma ya pazia. Faki alitoa kipande chake kilichofungwa kitambaani. Mwashi akabomoa chokaa, akatoa cha pili. Kadhi akaviunganisha, vikashikana barabara.

"Hati ni ya kweli," alisema. "Bwana Shekue, una neno?"

Shekue alisogea. Alimwona kaa wa buluu. Aliliona pengo la ukingoni, na kovu la begani likamwasha. Nyuma yake askari wa zamani walianza kunong'onezana, maana bakuli lile walilicheka wenyewe njia nzima.

"Shehe," alisema polepole, "baba alilivunjaje bakuli lililokuja mjini yeye akiwa kaburini? Mimi ndiye niliyelileta kutoka Rungwani. Waulize hawa."

"Kweli tupu!" askari walipaza sauti. Faki alimeza tambuu yake yote.

Hapo Shekue angeweza kushangilia. Lakini bakuli lile alimpa mtu mmoja tu, na pete ya marehemu ilihifadhiwa na mtu huyo huyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Aligeukia pazia.

"Mama, bakuli langu liko wapi?"

"Nililitoa mimi," Mwana Jaha alijibu. "Wewe kila mji utakupokea. Faki hana ila mimi."

"Kwa nini bakuli lile, mama? Nyumba imejaa mabakuli."

"Hayo mengine watu wa nyumbani wanayajua, wangesema yalikuwa mazima baba yako alipozikwa. Hili hakulijua mtu." Akasema kwa sauti ndogo, "Wewe na safari zako, sikudhani ungelikumbuka."

Shekue alilia mbele ya mji wote, wala hakujifuta.

Kadhi aliichana hati, na mali ikarudi kwa ndugu wote wawili. Watu wa Mwangao bado husimulia kuhusu ukuta wa Rungwani na aliyeupanda. Husimulia pia kwamba alimweka mama yake nyumbani mle mle, akamlisha, akamvisha, akampa shikamoo kila asubuhi. Safari alikwenda nyingine nyingi, na kila aliporudi Mwana Jaha alitoka mlangoni kumpokea, akamtazama mikono. Hakumletea kitu tena.