Bampa ya Pili

Rafiki yangu, fundi bodi, haamini hata ndoto zake mwenyewe. Lakini hili alinisimulia bila kucheka.

Mzee mmoja alimletea gari la zamani la mbio, jekundu, abadilishe bampa ya mbele. Iliyokuwepo ilikuwa imebonyea upande wa kushoto.

"Uligonga nini, mzee?"

"Sijagonga kitu, mwanangu. Kutu tu."

Tangu lini kutu ikabonyeza chuma? Tena mzee akaacha bampa mpya mbili.

Rafiki yangu akafunga moja. Kama kawaida yake akatoa betri, akaliacha gari juu ya stendi bila magurudumu, akafunga gereji kwa kufuli na kwenda kula.

Aliporudi, kabla hajafungua, alisikia ndani kishindo kimoja, kisha kitu kikiburutwa sakafuni, taratibu, mpaka kikanyamaza.

Papo hapo simu ikaita. Alikuwa yule mzee.

"Imeshabonyea?"

"Umejuaje kuna kishindo?"

"Funga ile ya pili, mwanangu."

Akafungua mlango, akamulika gizani. Gari lilikuwa palepale juu ya stendi. Bampa imebonyea kushoto, na kwenye mkunjo kimenasa kifungo cha shati, uzi wake bado umelowa damu.