Namba Kumi na Tisa Haina Simu

Mwanzoni kilikosekana kitufe tu. Opereta wa kiwanda cha magodoro alifungua ukurasa wa kusimamia simu za ofisi, akaziona namba zote za ndani, lakini pale chini penye neno Hifadhi palikuwa patupu. Akajaribu kivinjari cha pili. Ukurasa ukaja nusu. Saa nane fundi angekuja kuurekebisha ufunguke kwenye vivinjari vyote, na akiufungua tu angeona kile alichofanya opereta, ambacho bila kitufe hakuweza kukifuta.

Mzee Stoo, mtunza ghala, alikuwa na maneno. Kila siku alimpigia opereta mara kumi kumuuliza kwa mzaha kama godoro lililomtoroka limepita mapokezi. Opereta akachoka. Siku moja akaelekeza simu zote zinazotoka stoo ziende namba kumi na tisa, chumba cha juu kisicho hata na simu, mzee apige mpaka achoke. Akacheka peke yake. Wiki hiyohiyo Mzee Stoo alibanwa na kifua kule stoo chini, ambako simu za mkononi hazishiki mtandao. Walimkuta asubuhi, mkonga wa simu bado uko mkononi. Watu walisema siku zake zilikuwa zimefika, opereta naye akasema pamoja nao.

Sasa akafungua kivinjari cha tatu, kile cha zamani kisichotumiwa na mtu. Ukurasa ukaja mzima, na kitufe chake. Lakini kwenye kumi na tisa taa ya kijani ilikuwa inawaka, ishara kwamba kuna mtu anaongea huko, na juu, mchana kweupe, simu isiyokuwepo ikaanza kulia. Harufu ya pipi za mnanaa alizokuwa akimumunya Mzee Stoo ikashuka ngazi taratibu, ikapita kwa karani aliyeacha kalamu hewani, ikapita kwa meneja aliyesimama mlangoni na kikombe chake, ikaja ikasimama nyuma ya kiti cha opereta, akasikia pumzi ya baridi shingoni huku kidole chake kikibofya futa, hifadhi, futa, hifadhi, na simu ile ikizidi kulia.

Meneja akamwita shangazi yake, mtu anayejua mambo ya majini. Mama yule alipanda juu, akashuka, akawakusanya wote mapokezi. Mjane wa Mzee Stoo naye alikuwepo, amekuja kuchukua koti la mumewe.

"Huyo si marehemu," shangazi alinong'ona. "Marehemu kalala zake. Ni jini. Kakuta mahali panapoitwa na hapaitiki, akahamia. Nani alimfungulia mlango? Aseme tu, na jini atatoka leo."

Opereta akatazama viatu vyake. Neno lilikuwa limeshafika kooni. Mjane akamshika mkono.

"Usiogope, mwanangu. Mzee alikupenda. Alikuwa anasema ukicheka wewe, anamsikia binti yetu tuliyemzika."

Neno likarudi tumboni.

Shangazi alingoja, akamtazama kila mmoja, kisha akashusha pumzi. Akasema atamtoa hivyohivyo, ila jini akitolewa mlango haujatajwa, njia ya kurudi anaijua. Akasoma, akanyunyiza maji ngazi hadi ngazi. Mlio ukakatika.

Saa nane fundi alikuja. Kabla ya saa kumi ukurasa ulifunguka mzima kwenye vivinjari vyote vitatu, na ile amri ya kuelekeza simu za stoo haikuonekana popote. Akamsifu opereta kwamba ameutunza vizuri. Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Wenzake walipoondoka akanyanyua simu ampigie mama yake, angalau yeye amwambie ukweli. Ikaita mara moja, mara mbili, mara saba. Akatupa jicho kwenye skrini. Vivinjari vyote vitatu vilionyesha mstari uleule: kutoka mapokezi, kwenda kumi na tisa.

Harufu ya mnanaa ikamjaa puani. Upande wa pili mtu akapokea.

"Binti," sauti kama ya Mzee Stoo ikasema, safari hii bila mzaha hata kidogo. "Sema. Nakusikiliza."