Usimkate Mutesi Kilimi

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili usinicheke baadaye. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa pikipiki. Lakini mwaka ule wa 2012 niliogopa kitu kimoja kuliko vyote. Niliogopa Jumamosi.

Jina langu ni Orpa. Tulitoka Kivu ya Kusini, tukapewa kiwanja hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, tukalima mahindi na maharage. Mume wangu, Mihigo, alichunga ng'ombe wa watu kule Endiinzi. Alikuja nyumbani mara moja moja, na chupa ya samli mkononi. Mimi nilibaki na mama mkwe wangu, Nyirakamana, na binti yetu Mutesi, mtoto wa miaka mitano.

Mutesi alikuwa na mafua yasiyoisha. Mvua ikinyesha, kamasi. Jua likiwaka na vumbi likiruka, kamasi. Mchana kutwa alipumua kwa mdomo. Akilala alikoroma kama mzee, halafu ghafla kimya. Hapo na mimi niliacha kupumua mpaka nimsikie tena. Sikio lake la kulia lilitoa usaha, na usaha ule ulinuka.

"Mutesi, leta kijiko!" niliita siku moja. Hakugeuka.

"Huyu mutoto ana kichwa nguvu," mama mkwe alisema.

Nikamchapa. Ndiyo, nilimchapa mtoto asiyesikia. Mungu anisamehe.

Dawa tulimpa, tena ile tuliyoiamini. Sisi ni watu wa ng'ombe. Kwetu mtoto akiungua, samli. Akifunga choo, samli. Basi sikio nalo tulilitia samli. Mama mkwe aliipasha moto kidogo kwenye kijiko, akaimimina sikioni, akaziba na pamba. Kila siku hivyo, miezi mitatu. Harufu ikazidi.

Alhamisi moja tulitoka kuchota maji. Mutesi alikuwa mbele yangu, katikati ya barabara. Pikipiki ikaja nyuma yetu ikipiga honi. Mimi nilisikia. Majirani walisikia. Mbuzi walisikia, wakakimbia. Mutesi aliendelea kutembea.

Nilitupa dumu, nikamvuta mkono. Pikipiki ilipita karibu kabisa, vumbi likatuingia machoni.

"Mama, hii mtoto yako ni kiziwi?" dereva alifoka.

Neno lile lilinikata maini. Kiziwi.

Nilimweleza mama mkwe. Hakushtuka hata kidogo.

"Minajua ni nini," alisema. "Ni kilimi. Kimekuwa murefu, kinaziba pua na masikio. Gakwaya atakuja siku ya posho. Atakikata."

Siku ya posho, tunapogawiwa chakula cha kambi, ndiyo Jumamosi. Na kilimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Wewe unacho, mimi ninacho. Kukikata ndiyo ilikuwa kazi ya Gakwaya, kwa chuma kilichopinda, na watu walimwita kutoka mbali.

Sasa nikuambie kwa nini niliogopa. Kabla ya Mutesi tulikuwa na mtoto wa kwanza. Aliitwa Ushindi. Alikuwa na miaka miwili alipokatwa kilimi, kule kwetu milimani. Damu haikukatika. Kesho yake tulimzika. Watu walisema alikuwa mgonjwa tangu zamani, na kwamba tulichelewa kumkata. Aliyemshika kichwa wakati anakatwa ni mama mkwe wangu. Tangu siku ile jina la Ushindi halikutamkwa nyumbani kwetu. Hata mimi, mama yake, sikulitamka. Nilikuambia, mimi ni mwoga.

Ijumaa nilimbeba Mutesi, nikajidai ninakwenda shambani. Nilikwenda kwa jirani yetu Appolinaire. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Ana mkoba wa dawa za malaria, na ana maneno mengi. Siku ile nilimshukuru Mungu kwa maneno yake.

Aliangalia sikio, akanusa, akarudi nyuma.

"Humu muliweka nini?"

"Samli, Papa Appolinaire."

"Samli! Mama Mutesi, samli ni ya maharage! Sikio haliungwi!"

Nilitaka kucheka, nikajikuta ninalia. Nikamwambia yote: pikipiki, kilimi, Gakwaya. Ya Ushindi sikusema.

Akapunguza sauti. "Sikiliza vizuri. Ndani ya kichwa kuna kanjia kadogo. Kanatoka nyuma ya pua, kanaenda sikioni. Pua ikiziba siku mingi, kanjia kanaziba pia. Maji yanabaki ndani ya sikio, mutoto hasikii. Yale maji yakioza, yanatoboa ngozi ya ndani na kutoka inje. Ndiyo huu usaha."

"Na samli?"

"Samli inafunga uchafu ndani. Majani vilevile. Maziwa vilevile. Usitie kitu sikioni kama munganga wa hospitali hakukupa."

"Na pua, inaziba sababu ya nini?"

"Inategemea. Kuna mafua ya kawaida, yanapita. Kuna vumbi na moshi. Wewe unapika wapi?"

"Ndani. Pale tunapolala."

"Unaona? Na kuna nyama nyuma ya pua, ya watoto, inaweza kuvimba. Mutoto anakoroma, anafungua mudomo. Hiyo haionekani kwa macho, ni munganga wa hospitali kubwa ya Mbarara ataipima. Jumatatu tuende kliniki."

"Jumatatu!" nilisema. "Gakwaya anakuja kesho."

"Basi mukatalie. Na sikia hii: ukiona uvimbe nyuma ya sikio, ao homa kali, ao shingo imekauka, ao anatapika na kichwa kinamuuma sana, usingoje Jumatatu. Ule ugonjwa unaweza kupanda kwenye ubongo."

Alinifundisha kukausha sikio. Nilisokota kitambaa safi cha pamba, nikakiweka mlangoni mwa sikio, kikafyonza usaha, nikakitupa, nikaweka kingine mpaka kikatoka kikavu. Sikuingiza kijiti wala njiti ya kiberiti.

Jumamosi nilipomwamsha Mutesi, mwili ulikuwa moto. Nyuma ya sikio palikuwa pamevimba, pekundu, na sikio lenyewe limesukumwa mbele. Nilipopagusa alipiga yowe.

Nikatoka nje. Gakwaya alikuwa ameshafika. Alikuwa anakunywa chai, chuma chake kimefungwa kwenye kitambaa juu ya mapaja.

"Mulete," mama mkwe alisema. "Nitamushika kichwa."

Nitamshika kichwa! Maneno yaleyale ya siku ya Ushindi. Kitu kikapasuka ndani yangu.

"Mama, nakuheshimu," nilisema, "lakini Ushindi alikufa. Alikufa kwa chuma kama hiki. Wewe ulikuwa umemushika, na mimi nilisimama nikiangalia. Huyu hamutamukata!"

Gakwaya akaweka kikombe chini. Mimi nilimfunga Mutesi mgongoni nikakimbia. Sikusimama mpaka kliniki.

Kwenye kliniki walimpa Mutesi sindano ya kwanza, wakasema hapana kukaa, ni Mbarara leo hii. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshawashwa nilipoona mtu anakuja mbio, fimbo mkononi, kitenge kimemlegea. Ni mama mkwe. Alipanda, akakaa, akamshika Mutesi miguu.

Hospitalini Mbarara tulimkuta Daktari Kyomugisha, mwanamke mfupi, Mnyankole. Alipima sikio, pua na koo kwa taa ndogo.

"Nyinyi nakuja saa mzuri," alisema. "Usaha nataka kuingia kwa mfupa. Kama nangoja siku mbili, tatu, mtoto napata shida ya kichwa. Hata kufa nakufa."

Mama mkwe alisogea. "Munganga, na kilimi?"

"Kuja uone, mzee." Daktari alimulika koo la Mutesi. "Hii kilimi ni mzuri. Hapana ziba pua. Hapana ziba sikio. Mtu nakata, damu namwagika sana, na ile chuma naleta magonjwa. Watoto nakufa."

"Hata mutoto wa miaka miwili?"

"Huyo ndiyo nakufa haraka. Yeye damu yake ni kidogo."

Nyirakamana alikaa chini, pale pale sakafuni. Nami nikakaa karibu naye.

Mutesi alichomwa sindano siku tano, na uvimbe ukaisha. Tulirudi na dawa ya matone ya sikio iliyoandikwa na daktari. Baada ya mwezi mmoja na nusu tuliitwa tena Mbarara, akapewa dawa ya usingizi, ile nyama ya nyuma ya pua ikatolewa. Usiku ule alilala mdomo umefungwa. Ni mimi ambaye sikulala, nilizoea kungoja akorome.

Nyumbani tulibadilisha mambo. Mihigo alipokuja alijenga jiko nje, na kibanda kidogo cha kulikinga na mvua. Nilinyunyiza maji mbele ya mlango kabla ya kufagia, vumbi lisiruke. Mutesi akiwa na mafua, nachemsha maji, yanapoa, naweka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe, namdondoshea puani matone machache. Kupenga nilimfundisha tundu moja moja, bila nguvu. Akioga, sikio linakingwa lisiingie maji. Na mtu akimwita naye asipogeuka, hatumchapi, tunampeleka akapimwe.

Samli? Tunakula na maharage.

Kusikia kulirudi polepole. Asubuhi moja, miezi minne baadaye, Mutesi alikuwa uani anapukuchua mahindi na mimi. Mama mkwe alikuwa jikoni, ametugeuzia mgongo, anaomba kama kila siku. Anaomba kwa mnong'ono. Mimi sikusikia neno.

Mutesi akainua kichwa.

"Koko," alimwita bibi yake, "Ushindi ni nani?"

Mahindi yaliniponyoka mkononi. Nyirakamana aligeuka, mashavu yamelowa. Alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. Nilidhani ataondoka.

"Kuja hapa," alimwambia Mutesi, na mimi akanifanyia ishara nisogee. "Ushindi ni kaka yako. Alikufa, na mimi ndiye nilimushika kichwa. Kaa, nikuelezee."

Mutesi akakaa miguuni pake, akasikiliza mpaka mwisho.