Mwanamke wa Ukumbi wa Wasafiri

Sihaba aliliona jambo lile kabla ya mtu mwingine yeyote. Ndege kutoka Dar es Salaam ilikuwa imesimama mbele ya jengo dogo la kiwanja cha Mwanza, abiria wanashuka ngazi mmoja mmoja huku upepo wa ziwa ukiwachezea nguo, na mumewe, Yunus Jumbe, alikuwa wa mwisho. Alikuwa amekonda. Alifika chini, akageuka, akainua mkono kuelekea juu ya ngazi, kiganja wazi, kama mtu anayemsaidia mwanamke mwenye viatu virefu asianguke. Juu ya ngazi hapakuwa na mtu.

Kisha akaushusha mkono, akautazama kama si wake, akaja kumsalimu mkewe.

"Ulikuwa unamshika nani?" Sihaba aliuliza huku akicheka.

"Mimi? Sikumshika mtu."

Ilikuwa Machi, mwaka 1975. Yunus alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba, na serikali ilikuwa imempeleka Bulgaria miaka miwili kusomea mashine mpya. Muda wote huo Sihaba alibaki Kirumba na mama mkwe wake, Bi Moza, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyoegemea mawe, ziwa likionekana kwa chini. Walikuwa na miaka sita ya ndoa, na Mungu alikuwa hajawajalia mtoto.

Siku za mwanzo zilikuwa za furaha. Majirani walikuja, wali ukapikwa, Yunus akasimulia habari za theluji mpaka watu wakachoka kushangaa. Siku ya nne, saa nane mchana, jua likiwa limetulia juu ya bati, Sihaba akasikia harufu. Ilikuwa ya kahawa iliyochemka kupita kiasi, iliyochanganyika na moshi wa sigara na marashi makali. Katika nyumba ile hapakuwa na mvuta sigara, na kahawa walikuwa hawajainunua tangu mfungo. Harufu ilitoka chumba cha tatu, walimokuwa wakiweka magunia, pamoja na sanduku la Yunus la safari.

Kesho yake, saa ile ile, zikaja hatua. Ko, ko, ko, za kisigino cha kike juu ya sakafu ya saruji, kutoka mlangoni hadi katikati ya chumba. Hapo zikazimika ghafla, kama aliyetembea amekanyaga zulia. Sihaba alifungua mlango. Magunia, sanduku, dirisha lililofungwa. Hewa ya mle ndani ilikuwa ya baridi, baridi ambayo Mwanza haina.

"Mama," alimnong'oneza Bi Moza jikoni, "umesikia?"

"Nimesikia tangu juzi, mwanangu," Bi Moza alijibu bila kuinua kichwa kwenye mchele. "Nilidhani uzee. Usimwambie bado. Mwanaume aliyetoka safari huulizwa polepole."

Aliyewafumbua macho ni balozi wa nyumba kumi, Bwana Ponsian, Mhaya mwenye sauti ya upole na daftari lisilotoka kwapani. Sukari ilikuwa haba mwaka ule, ikigawiwa kwa kaya kulingana na idadi ya watu. Jumamosi alipita akamkabidhi Sihaba karatasi ya mgawo.

"Ndugu balozi, umekosea," Sihaba alisema. "Umeandika watu wanne. Sisi ni watatu."

"Wanne, dada. Yule mama mgeni alijiandikisha mwenyewe. Nilimkuta hapa mlangoni, amejitanda ushungi mweusi, ana viatu vya kisigino. Kiswahili chake kizuri sana. Nikamuuliza, wewe ni nani wa nyumba hii? Akasema, andika mke."

"Mke wa nani?"

Bwana Ponsian akaona uso wa Sihaba, akalifunga daftari. "Mnisamehe. Nilidhani Ndugu Yunus ameongeza jiko. Dini yenu inaruhusu."

Sihaba hakungoja jioni. Yunus alikuwa kazini. Aliingia chumba cha tatu, akafungua sanduku, akatafuta chini ya mashati mpaka akaishika pasipoti. Pasipoti za wakati ule zilikuwa na nafasi mbili za picha, moja ya mwenyewe na moja ya mkewe kama wanasafiri pamoja. Yunus alipoondoka, nafasi ya pili ilikuwa tupu. Sasa ilikuwa na picha. Mwanamke aliyejitanda ushungi mweusi, shingoni amefunga kitambaa cha sufu cha rangi ya udongo, ambacho Sihaba alikifuma kwa mkono wake na kumpa mumewe siku ya kuondoka. Chini yake palikuwa na mhuri wa uwanja wa ndege na maandishi asiyoweza kuyasoma. Mwanamke yule alitazama pembeni.

Sihaba alikwenda mlangoni kwenye mwanga ili aone vizuri. Alipoinamisha macho tena, mwanamke alikuwa akimtazama yeye.

Yunus aliporudi, Sihaba hakusema neno ndani ya nyumba. Alimshika mkono, wakateremka mpaka kwenye mawe ya ufukweni, mahali ambapo wanawake hufua na kelele za maji huficha maneno. Akamwekea pasipoti mapajani.

"Niambie," alisema. "Na usinifiche, kwa sababu ameshafika."

Yunus aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Wakati wa kurudi, ndege ya kwanza ilichelewa," alianza. "Theluji. Tulipotua pale pa kubadilishia, ndege ya pili ilikuwa imeondoka, na nyingine ingekuja baada ya siku tano. Viza yangu ya kupita ilikuwa ya siku moja tu. Kesho yake ikaisha. Wakaniambia siwezi kuingia mjini kwa sababu sina viza, na siwezi kurudi nilikotoka kwa sababu ile nayo imekwisha. Nikakaa kwenye benchi, Sihaba. Siku tatu. Nilikunywa maji ya bomba chooni. Taa hazizimwi mle, hujui usiku wala mchana. Kulikuwa na ukumbi wa mapumziko wa wasafiri wenye kadi, mlango wa kioo, ndani makochi, zulia, chakula. Nilikuwa nawaona wakila."

"Akaja yeye."

"Akaja yeye. Alikaa karibu yangu, akaniamkia kwa Kiswahili. Unajua maana ya kusikia Kiswahili pale? Nilitokwa machozi. Akasema, mimi nimekwama hapa zamani kuliko wewe. Nina kadi ya ukumbi, lakini sina nchi ya kunipokea. Wewe una nchi, huna kadi. Tusaidiane. Tukafika mlangoni. Mhudumu akasema kadi ni ya mtu na mwenzi wake. Askari mmoja alikuwa amesimama hapo. Wakaniuliza mimi: huyu ni mke wako? Nikasema ndiyo."

"Na kitambaa?"

"Alisema anipe chochote ninachokithamini, ili waamini." Yunus alijisahihisha. "Nimpe. Mimi nimpe yeye. Nikavua kitambaa nikamfunga shingoni. Wakatugongea mhuri. Nikala, nikalala kwenye kochi. Sikumbuki nililalaje. Nilipoamka palikuwa na tiketi mkononi, na yeye hakuwapo. Nikajua nimeota. Nikataka iwe ndoto."

Sihaba alichukua jiwe dogo, akalirusha majini. Hasira ilikuwa imemjaa kifuani, lakini alipomtazama mwanaume yule aliyekunywa maji ya chooni siku tatu ili arudi kwake, hakupata mahali pa kuiweka.

"Kesho tunakwenda Misungwi," alisema.

Misungwi palikuwa na Maalimu Shimba, Msukuma aliyesoma chuo cha Kurani Tabora, fundi cherehani kwa kazi yake ya kila siku. Walipata nafasi kwenye lori la pamba, wakamkuta barazani akitia vifungo suruali ya mwanafunzi. Alisikiliza habari yote bila kuacha sindano. Ni mwishoni tu alipouliza.

"Ulisema ndiyo?"

"Nilisema, Maalimu."

"Ukampa kitu kwa hiari yako?"

"Nilimpa."

"Watu wawili wanasikia?"

"Mhudumu na askari."

Maalimu Shimba akaukata uzi kwa meno. Akavua miwani. "Basi mwanangu, mimi siwezi kukupunga pepo. Anayepungwa ni aliyevamiwa. Wewe hukuvamiwa. Umeoa."

Sihaba akajishika mdomo.

"Jini mke anayetaka kuingia nchi ya watu hutafuta mume wa kumwingiza," Maalimu aliendelea kwa sauti ya chini. "Umemwingiza kwa mhuri. Ninachokijua mimi ni kimoja tu. Aliyeoa huacha kwa talaka. Nitakuja Ijumaa."

Ijumaa alikuja, baada ya sala ya alasiri. Mawingu mazito yalikuwa yametanda juu ya ziwa na nyumba ilikuwa na giza la mapema. Bi Moza alifukiza udi. Bwana Ponsian aliombwa awe shahidi pamoja na Maalimu, na ingawa alikuwa na rozari mfukoni alikubali, akasimama ukutani akitokwa jasho. Sihaba alikaa sakafuni nyuma ya mumewe.

Maalimu alisoma kwa muda. Halafu harufu ya kahawa ikaja, ikaumeza udi, na baridi ikapanda kutoka sakafuni ikawaingia miguuni, na hatua zikaanza kule chumba cha tatu, ko, ko, ko, bila haraka, kama za mtu aliyeitwa jina lake baada ya kungoja kwa miaka kwenye benchi, zikatokeza ukumbini, zikapita karibu na Bwana Ponsian ambaye alifumba macho na kuanza kusali Salamu Maria kwa Kihaya, zikampita Maalimu, zikasimama mbele ya Yunus, na kiti kitupu kilichokuwa mbele yake kikalia kwa uzito wa mtu anayekaa.

"Sema," Maalimu alinong'ona.

"Nimekuacha," Yunus alisema. Meno yalimgongana. "Nimekuacha. Nimekuacha. Talaka tatu."

Mvua ikaanza kupiga bati, matone machache makubwa.

"Nimesikia," sauti ikasema kutoka kitini. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya mwanamke mwenye adabu, na hilo ndilo lililomfanya Bi Moza alie. "Na mashahidi wamesikia. Mimi si mwizi. Nilimlisha mume wangu alipokuwa na njaa, nikampa pa kulala alipokataliwa na watu. Ameniacha, nimekubali. Nipeni eda yangu."

Maalimu Shimba aliinamisha kichwa. "Mtalaka hukaa eda katika nyumba ya mume. Ni haki yake. Miezi mitatu, bibi, kisha uende."

"Maalimu umesoma," sauti ikasema. "Mwenye mimba hahesabu miezi."

Mtu wa kwanza kuelewa alikuwa Sihaba. Alimwona mumewe kwa nyuma, mabega yake yakishuka taratibu kama nyumba ya udongo inayolowa.

Nje, mvua ikiwa inanyesha, Maalimu alikataa chai. "Ningeweza kujaribu kumtoa kwa nguvu," aliwaambia, "lakini ningekuwa nimedhulumu mwenye haki, na hao majini wana mabaraza yao ya kushtaki. Mlisheni. Msimtukane. Akijifungua, eda imekwisha, ataondoka."

Bi Moza alihamia kwa ndugu yake Ukerewe wiki ile ile. Yunus alitaka waondoke wote, lakini nyumba ya kupanga ilipatikana kwa barua ya ofisi, na barua ile angeiomba kwa sababu gani? Wakabaki. Sihaba ndiye aliyepeleka chakula. Kila siku saa nane aliweka sahani mlangoni, na kila siku saa tisa aliikuta imelambwa. Mwezi wa nne wa mimba, mgeni akaacha kula wali, akataka samaki mbichi. Mwezi wa tano, hatua zikawa nzito, zinaburutwa, na mchana Sihaba alimsikia akikoroma ule mkoromo wa mwanamke anayelala ubavu kwa sababu ya tumbo. Wakati mwingine aliimba. Sihaba alikuwa akisimama jikoni na mwiko mkononi, anasikiliza, na siku moja alijikuta anaitikia wimbo ule bila kujua ameujulia wapi.

"Usikae karibu na mlango ule," Yunus alimwambia.

"Anaumwa mgongo," Sihaba alijibu.

Ilikuwa Novemba, mchana wa jua kali, watu wametawanyika mashambani na makazini, Yunus yuko nyumbani kwa homa. Chumba cha tatu kilikuwa kimya tangu alfajiri. Kisha kikaja kilio kimoja cha uchungu, kirefu, kilichoanza kama cha mtu na kuishia kama kitu kikichanwa, mbwa wote wa Kirumba wakabweka kwa pamoja, na baada yake hatua za kisigino, nyepesi sasa, za haraka, zikatoka, zikavuka ukumbi, mlango wa mbele ukafunguka na kujifunga. Baridi ikaondoka nyumbani kama vile mtu amefungua dirisha. Harufu ya kahawa ikakatika.

"Ameondoka," Yunus alisema. Alipiga magoti pale pale. "Sihaba! Ameondoka. Alhamdulillahi."

Ndipo mtoto akalia.

Alilia chumba cha tatu, kilio chembamba cha njaa. Sihaba alikuwa ameshaanza kutembea.

"Usiingie," Yunus alimwita. "Sihaba, tumwite Maalimu. Usiingie!"

"Mtoto ni wa baba yake," Sihaba alisema bila kugeuka. "Ulitaka sheria. Hiyo ndiyo sheria."

Yunus alijikokota mpaka mlangoni. Mkewe alikuwa amekaa juu ya magunia, mgongo kwenye ukuta. Mikononi mwake hamkuwa na kitu cha kuonekana, ila khanga aliyokuwa ameitandaza ilikuwa imebonyea, imechukua umbo, na ndani ya umbo lile palikuwa na kutikisika. Kilio kilikuwa kimekoma. Sihaba alikuwa amefungua kifua. Mwanamke yule ambaye hajazaa alikuwa na maziwa. Yunus aliyaona yakidondoka juu ya khanga na kunyonywa na hewa. Uso wa Sihaba ulikuwa umetulia, kisha ukakunjamana, na mstari mwembamba wa damu ukateremka tumboni mwake.

"Yunus," alisema polepole, bila kuinua macho. "Ana meno."

Lakini hakumweka chini.